Imekwisha

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Mto Emajõgi umeganda kingo kwa kingo,
na Ott anajizungusha kitini
akiisifia zana yake mpya ya kuundia programu:
"Urve, amri moja tu! Moja!
Inashusha kila kitu yenyewe."

Inashusha.
Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Maana programu yetu ni ndogo, ina kazi moja:
kusoma kina cha maji ya kinamasi cha Pajusoo
na kukiandika kila saa, hata kama hakuna asomaye.
Lakini sharti iishi katika nyumba tatu:
seva ya chuo, yenye afya na mashavu;
kompyuta ya Vaike, mlinzi wa kinamasi,
kongwe, inakoroma, intaneti inaisikia kwa watu;
na kibao cha saketi juu ya mlingoti,
ambacho kumbukumbu yake haitoshi picha ya paka.

Maktaba ya mjini ukiazima kitabu
una wiki tatu, unakirudisha.
Maktaba za msimbo hazirudishwi.
Unaikaribisha moja, inaingia na shemeji,
shemeji wana wajomba,
na yupo mjomba asiyelala ila kwenye toleo la nne nukta mbili,
la nne nukta tatu linamtoa vipele.
Niliomba kitu cha kusomea tarehe, basi.
Nikahesabu viatu mlangoni: jozi sitini na moja.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
ngoja uubebe wewe.

Nilichoka kubishana. Ijumaa
tukatia kila kitu kwenye flashi,
tukaenda Pajusoo kwa gari la idara.
Vaike akatupa mkate mweusi na samaki wa moshi.
Ott akaandika ile amri yake moja.

"Haikupatikana."

Akaiandika tena, polepole,
kama mtu anayemsemesha kiziwi.

"Haikupatikana."

"Kimepotea nini?" akauliza Vaike. "Niwashe taa ya uani?"

Nikatoa yangu: faili la kuundia, mistari thelathini,
C ya kizamani, kompaila ileile iliyokuwamo.
Ikaundika kabla chai haijapoa.
Nakiri, nilitembea kama jogoo.
Kisha ikasoma:
maji yako mita elfu nne juu ya vilele vya misonobari.

Kosa langu. Nilidhani namba ndefu ina baiti nane
kila nyumba, kwa kuwa kwangu ina nane.
Kwa Vaike ni nne.
Ott hakucheka. Heri angecheka.

Usiku huo ofisini tukawasimamisha wageni mmoja mmoja:
wewe unafanya nini hapa? Ukiondoka, nani atalia?
Wengi hawakuwa na jibu.
Alibaki mmoja, Ott ndiye aliyemleta:
faili moja, halina shemeji, linasoma tarehe,
leseni yake aya mbili.
Lilihaririwa mara ya mwisho miaka tisa iliyopita.

"Hili limekufa," akasema Ott.
"Au limekamilika."
Hatukujua. Kwa macho tu huwezi kujua.

Tukamwandikia mwenyewe, Feofan, jina lisilo na picha.
Siku ya nne akajibu.
Kumbe yuko hapohapo ziwani Peipsi, mwendo wa saa moja,
analima vitunguu.

"Haijafa. Imekwisha.
Kalenda haijabadilika, mimi niibadilishe ya nini?
Mkiona kosa niambieni,
ila si mwezi wa Mei, napanda."

Ott alilisoma lile neno mara mbili,
kama mtu aliyekuwa akilitumia kwa chakula tu,
na fedha, na subira.

Sasa hivi kibao cha mlingotini kimetuma:
sentimita kumi na mbili chini ya theluji.
Inaelekea kweli. Hata uongo huelekea kweli.
Vaike amevaa viatu vya theluji,
amechukua fimbo ya kupimia,
anakwenda kuona.